Uso wa Mama Moshi

Siku hiyo ya Alhamisi nilikuwa nimeshika dekio mkononi waliponiita nikae mbele ya kompyuta. Gladness, dada anayechora picha pale ofisini, aliniambia nikanawe mikono kwanza, halafu akanivutia kiti cha bosi, kile chenye magurudumu.

"Kaa hapa, Mauwa. Leo wewe ndiyo mteja wetu," akasema. "Usiogope kuharibu. Ukikosea ndiyo vizuri, sie tunajua pa kurekebisha."

Ofisi yenyewe iko Kinondoni, juu ya duka la dawa. Mie kazi yangu ilikuwa kufagia, kupiga deki na kuchemsha chai. Wao kwa miezi mitatu walikuwa na kazi moja tu: tovuti ya mchezo wa kufundisha watoto wa shule kutumia nishati vizuri nyumbani. Unachagua nyumba, unaingia chumba kwa chumba, unazima taa iliyoachwa inawaka, unafunga friji, unachagua jiko la kupikia. Ukipatia, mti unaota uani. Ukikosea, mti unakauka. Wafadhili walikuwa wanakuja kuuzindua Jumatatu, na shule waliyoichagua ilikuwa ya msingi, ya kwetu Keko, nyuma ya karakana za maseremala.

Nilibonyeza palipoandikwa *Anza*. Zikatokea nyumba tatu: Nyumba ya Baba Jua, Nyumba ya Dada Gesi na Nyumba ya Mama Moshi. Kwenye hiyo ya tatu kulikuwa na mwanamke amechuchumaa pembeni ya jiko la mkaa.

Niliitambua kanga kabla ya uso. Kanga ya zambarau yenye korosho nyeupe pindoni. Mie ndiye niliyeipinda pindo.

Alikuwa shangazi yangu Mwanakombo, ila walikuwa wamemfanyia kazi. Kichwa wamekikuza, mwili wameuacha mdogo. Macho wameyatia wekundu. Jino moja la mbele wameling'oa, pamebaki pengo. Na mashavu yote mawili wameyapaka masizi, meusi, ya kung'aa, kama mtu aliyelala kifudifudi kwenye majivu.

"Mbona humbonyezi?" Gladness akauliza. "Mguse usoni, uone."

Nikabonyeza. Shangazi akakohoa, moshi mweusi ukamtoka mdomoni. Nikabonyeza tena bila kujua ninafanya nini. Mara ya tatu akapiga chafya, kamasi nyeusi ikamchuruzika puani ikadondokea ndani ya sufuria. Pakatokea maandishi: *Mama Moshi anachoma makopo manne ya mkaa kwa siku! Msaidie abadilike.*

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Bosi wetu, Projestus, alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe chake.

"Hiyo ya kamasi watoto wataipenda kufa," akasema.

Mate yalinijaa mdomoni kama mtu aliyekunywa chai akakuta inzi. Nilishindwa kuyameza, na mbele za watu siwezi kutema. Nilikaa hivyohivyo, mdomo nimeubana, wao wakadhani naona haya.

Niseme ukweli, mie ndiye niliyewapeleka kwa shangazi. Wiki tatu nyuma Projestus aliuliza nani anaijua nyumba ya kawaida inayopikia mkaa, na kabla hajamaliza mkono wangu ulikuwa juu. Nilijisikia. Mara ya kwanza tangu niingie pale kuulizwa kitu ambacho si sukari iko wapi.

Shangazi alivyosikia wageni wa ofisini wanakuja, alifagia uwanja mara mbili. Masufuria aliyasugua kwa majivu na mchanga mpaka ukiinama unajiona. Yeye ndivyo alivyo. Amenilea tangu nina miaka sita, na sijawahi kumwona ametoka nje ya mlango bila kunawa uso na kujitanda. Anauza vitumbua getini pa shule hiyohiyo ya Keko kwa miaka kumi na saba, na walimu wanapanga foleni pamoja na watoto kwa sababu ya usafi wake. Sabuni yake na maji viko hapo pembeni ya beseni. Mtoto asiyenawa hauziwi.

Ile nyumba tuna vyumba vinne, kila chumba na watu wake, na asubuhi tunapokezana moto. Hii haihitaji maelezo kwa mtu wa kwetu. Shangazi anaamka alfajiri, anawasha jiko kwa maranda tunayookota kwa maseremala, anatia kopo moja la mkaa, anapika vitumbua. Akimaliza yeye, moto bado mzuri, Mama Asifiwe wa chumba cha pili anabandika maharage. Maharage yakiiva, anafuata Munira na maji ya kumwogeshea mtoto. Wa mwisho mzee Abdulrahman anachemsha chai yake, na makaa yaliyobaki anayatia kwenye pasi, maana yeye ni fundi cherehani. Kesho yake mwingine anatoa mkaa. Kwa hiyo saa za asubuhi ukipita utakuta jiko moja linawaka, na pembeni masufuria yamepangwa yanasubiri zamu, kila moja na mfuniko wake.

Ndivyo walivyotukuta. Gladness akapiga picha: shangazi, jiko, masufuria manne mstarini. Hakuna aliyeuliza masufuria ya nani.

Halafu Projestus akatoa karatasi. Shangazi akaipokea kwa mikono miwili, akanigeuzia.

"Nisomee, mwanangu. Wewe ndiyo mtu wa ofisini."

Kusoma najua. Lakini karatasi ile ilikuwa ya Kizungu, kurasa mbili, maandishi madogo kama chawa. Nililiona jina la shangazi, niliona tarehe. Wote walikuwa wananitazama, Projestus na kalamu yake, Gladness na kamera yake, Mama Asifiwe mlangoni. Nilitakiwa kusema sijui. Ningesema tu, sijui, basi. Badala yake nikapitisha macho mpaka chini kama ninayesoma, nikatikisa kichwa kukubali.

"Wanaomba picha tu, shangazi. Ya kufundishia watoto."

Akaweka saini kwa herufi za Kiarabu, alivyofundishwa chuoni, madrasa, utotoni. Projestus akaitazama ile saini, akacheka kidogo, akaikunja karatasi mfukoni.

Sasa pale kwenye kiti cha magurudumu nilimgeukia Projestus.

"Bosi, huyu ni shangazi yangu."

"Tunajua! Ndiyo maana katoka bomba. Sura yake inaongea."

"Mmempaka masizi."

"Ni katuni, Mauwa. Katuni lazima uzidishe, la sivyo mtoto haoni."

"Na hana pengo. Meno yake yote yapo."

"Akicheka tutayaona," akasema mmoja wa vijana wa kompyuta, na wakacheka tena.

Nikawaambia habari ya makopo manne. Nikauliza nani kawaambia manne.

"Tumehesabu sufuria," Gladness akasema. Safari hii hakucheka. "Kwani siyo?"

Nikawaeleza, polepole, mmoja mmoja: vitumbua, maharage, maji ya mtoto, chai na pasi. Kopo moja, nyumba nne. Projestus alisikiliza mpaka mwisho, lazima nimpe haki yake. Halafu akakuna ndevu.

"Hiyo ni nzuri sana. Ila itachanganya watoto. Mchezo wetu una nyumba moja, jiko moja, familia moja. Tutaiweka toleo la pili."

"Basi mtoeni shangazi."

"Mauwa. Jumatatu wafadhili wanatua. Mtu wa mkaa lazima awepo, na awe amesaini. Yeye kasaini, na wewe ndiye uliyemsomea. Au siyo?"

Nilirudi kwenye dekio langu.

Nadhani ni siku hiyo ndipo nilipoiona ofisi. Kila siku nilikuwa naipiga deki lakini sikuwa nimeiona. Kiyoyozi kinavuma mpaka Gladness anavaa sweta, halafu baridi ikizidi anafungua dirisha. Taa zinawaka saa sita mchana na jua limejaa chumbani. Birika la umeme wananiambia nilijaze mpaka juu, mtu ananywa kikombe kimoja, maji yaliyobaki naambiwa nimwage kwa kuwa yamelala, nichemshe mapya. Ukutani wamebandika mti wa karatasi wenye tabasamu. Niliyamwaga maji ya moto kwenye sinki, mvuke ukanipiga usoni, nikajaza birika upya.

Jioni nilipofika nyumbani shangazi alikuwa ameketi barazani na shoga yake, Bi Raudha, wanachambua mchele.

"Shikamooni."

"Marahaba. Haya, mwenye ofisi yake huyo," Bi Raudha akasema. "Tumesikia Jumatatu shangazi yako anaingia kwenye kompyuta. Atatusalimia tena huyu?"

"Muache mtoto apumzike," shangazi akasema, lakini uso wake ulikuwa umefunguka kama wa bibi harusi. "Mwalimu mkuu kaniita leo, Mauwa. Kasema Jumatatu nisikae getini, niwekewe kiti mbele kabisa, pamoja na wageni. Mie! Nimewaambia wenzangu wote wa darsa la msikitini waje. Kitumbua bure siku hiyo."

"Na kanga gani utavaa?" Bi Raudha akauliza.

"Ileile ya kwenye picha. Watu wanijue."

Akanisogezea sahani yenye vitumbua viwili alivyoniwekea. Nilimega kimoja, nikakitia mdomoni, kikanigandia juu ya ulimi. Nilijichukia vibaya. Huyu mtu atakaa mbele, kanga ileile, na watoto anaowauzia vitumbua watapanga foleni kumgusa uso atoe kamasi. Nani atakula tena kitu kilichopita mikononi mwake? Miaka kumi na saba ya sabuni na maji itaisha kwa chafya moja. Nami ndiye niliyesema ni picha tu.

Ijumaa niliwahi kuliko wote. Nilimsubiri Projestus pale kwenye ngazi. Alivyotokea nikamwamkia, nikasimama mbele yake.

"Mwekeni mtu mwingine."

"Tumeshaongea jana. Nitampata wapi mtu leo? Apigwe picha, asaini, achorwe, aingizwe. Leo!"

"Wekeni mimi."

Alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala, kama mtu anayepima kabati kama litapita mlangoni.

"Unajua kwamba si suala la kujipendezesha? Ni Mama Moshi."

"Najua ni nani."

Wakakubali. Kwa kweli walifurahi. Projestus alisema uso wa kijana utawafikia watoto zaidi. Chini pale pana mama anayeuza chai, wakaazima jiko lake, wakalipandisha juu kwenye kibaraza. Gladness akasaga kipande cha mkaa kwenye kisosi, akachanganya na mafuta ya mgando. Kwa shangazi walitumia kompyuta, leo walitaka kitu halisi kwa kuwa muda ulikuwa mdogo.

"Hakuna mpishi mwenye masizi mashavuni," nikamwambia. "Masizi yanakaa vidoleni. Na chini ya sufuria."

"Najua. Wafadhili hawajui," akanijibu kwa sauti ya chini. "Fumba macho."

Akanipaka. Vidole vyake vilikuwa vya baridi kwa sababu ya kile kiyoyozi. Mafuta yale yalinuka kama nepi. Ule uji mweusi uliteremka mpaka pembeni ya mdomo, nikausikia uchungu wake, na nikakaa kimya kama mtu anayenyolewa. Wakaniambia nichuchumae. Nikachuchumaa. Kohoa. Nikakohoa. "Toa ulimi kidogo, kama umechoka." Nikatoa ulimi. Wale vijana wa kompyuta walikuwa dirishani, mmoja anakula muhogo, anacheka na muhogo mdomoni.

Ikaletwa karatasi. Ilikuwa ileile, ya Kizungu.

"Nisomee kwa Kiswahili," nikamwambia Gladness. "Mstari kwa mstari."

"Yote?"

"Ninayo siku nzima."

Akasoma. Mwanzoni alikuwa anaharakisha, halafu akapunguza, halafu sauti ikawa inamkatikia. Kwamba wanaweza kuitumia sura yangu popote duniani. Kwamba wanaweza kuibadilisha wapendavyo. Kwamba sina haki ya kuiona kabla haijatoka, wala kuikataa ikishatoka. Kwamba hakuna mwisho. Alipomaliza hakunitazama.

"Hata mie sikuwahi kuisoma yote," akasema.

Nikasaini. Halafu nikaenda kusimama nyuma ya kiti chake, na uso wangu vilevile mweusi, nikamwambia afute ya shangazi. Akaifuta. Nikamwambia afungue pale zinapokwenda zilizofutwa. Akashtuka kwamba ninajua. Miezi yote ile nadeki chini ya meza zao, macho yangu yalikuwa wazi. Akafuta na huko. Nikauliza kwenye kamera. Nikauliza kwenye simu ya bosi, nako ikafutwa. Saa nane mchana ndipo nilipokwenda kunawa, na sabuni ya chooni pale haikutosha kuyatoa, maji yalikuwa yanatiririka kijivu tu kwenye sinki jeupe ambalo kesho yake ningelisugua mwenyewe.

Jambo moja walinikatalia, yale makopo manne. Walisema namba imeshaingia kwenye ripoti.

Nilipanga kumwambia shangazi Jumamosi. Nikapanga Jumapili. Kila nikifungua mdomo namwona anapiga pasi ile kanga. Kumwambia picha yako nimeiondoa ni lazima nimwambie walichoifanyia, na walichoifanyia ni lazima nimwambie nani aliyesoma ile karatasi. Nilijiambia akikuta yake haipo atadhani wamesahau, basi, yataisha.

Jumatatu darasa kubwa lilijaa. Mapazia yamefungwa, ukutani pameangikwa shuka jeupe. Wafadhili wanne wameketi mbele na chupa zao za maji, na kwenye kiti cha tano shangazi, mgongo umenyooka, kanga ya zambarau. Nyuma yake Bi Raudha na wanawake wa darsa. Mie nilisimama ukutani pembeni yao.

Projestus akabonyeza. Zikatokea nyumba tatu. Na mimi hapo, kichwa kama boga, ulimi nje, mashavu yanang'aa.

Watoto walilipuka. "Dada Mauwa! Dada Mauwa wa vitumbua!" Mwalimu akawapanga foleni, wakawa wanapita mmoja mmoja kugusa kwenye kompyuta, na kila wa tatu kamasi ilitoka, na kelele zilipasua bati. Mfadhili mmoja alikuwa anapiga makofi. Mwalimu mkuu akasoma kwa sauti, kwa furaha kabisa: "Mama Moshi anachoma makopo manne ya mkaa kwa siku!"

Shangazi alikuwa bado anatafuta. Nilimwona anaangalia nyumba ya kwanza, ya pili, anarudi ya tatu. Halafu akageuka, akanitafuta mimi.

"Yangu iko wapi?"

Nikainama karibu yake. "Haikutoka vizuri, shangazi."

"Haikutoka vizuri vipi? Yule binti mwenyewe si alinionyesha palepale? Kasema imetoka safi."

Nilisikia Bi Raudha nyuma anavuta pumzi, na mmoja wa wanawake anamnong'oneza mwenzake, "Kumbe kamtoa shangaziye, kajiweka yeye."

Shangazi alisikia. Akaniangalia, akaangalia ukutani, mtoto mwingine akagusa, kamasi yangu ikadondoka ndani ya sufuria.

"Ndiyo ukawapa yako," akasema taratibu. Hata hakukasirika, na bora angekasirika. "Ulitaka kuonekana. Ungeniambia tu, mwanangu, ningekupisha. Na makopo manne umewaambia wewe? Kopo moja tunakula nyumba nne, wewe umewaambia manne? Mama Asifiwe atakuelewaje?"

"Shangazi..."

"Na uso hukunawa." Midomo ilimkunjamana kama mtu aliyenusa kitu kilichooza. "Mie nimekulea kwa sabuni na maji. Umekwenda kusimama mbele ya watu wazima na uso ule, ukatoa na ulimi."

Aliinuka, akajitanda vizuri, akamshika Bi Raudha mkono. Wanawake wa darsa wakatoka nyuma yake mmoja mmoja, wananipita kwa kubana nguo zao zisiniguse. Ningeweza kumkimbilia. Ilikuwa hatua kumi mpaka mlangoni. Lakini nikimfikia lazima niseme, nikisema ataiona ile sura kichwani mwake maisha yake yote, hata kama nimeifuta kila mahali.

"Na sasa wageni wetu," Projestus alikuwa anasema kwenye kipaza sauti, "Mama Moshi mwenyewe yupo hapahapa! Karibu mbele, Mauwa!"

Makofi. Nikaenda mbele. Nikapunga mkono kama walivyoniambia.

Msichana mmoja mdogo, wa darasa la pili au la tatu, aliiacha foleni akanijia. Alinyoosha kidole akanigusa shavuni, akakisugua hapo kidogo, akakileta karibu na macho yake kukitazama. Kilikuwa safi. Akakifuta kwenye sketi hata hivyo.